Mkalimani Aliyerudisha Mkanda Nyuma

Wasomaji wangu, Jumanne nilikuwa pale stendi ya Same, chapati mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, shemeji yangu wa Suji akanipigia. Hata salamu hakutoa. Akasema tu, "Shemeji, kaa chini. Mkalimani ametutoka." Nilipiga yowe moja, basi la Dar lililokuwa limeshashika lami likafunga breki, kondakta akachungulia akidhani ameacha abiria. Chapati sijui iliishia wapi, nasikia kuna mbuzi aliiona. Nikalia. Halafu nikakumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akipiga mlio wa bastola kwa mdomo, nikacheka. Halafu nikalia tena huku bado nacheka, mpaka mama muuza chai akanimwagia maji usoni, akajua nimepandwa na kitu. Kwa hiyo leo sitaki mniandalie leso. Kaeni mkao wa kula, nina mtu wa kuwasimulia. Mnajua mimi na kalamu hatujawahi kuelewana, mimi naongea kwenye simu na mhariri anaandika, na leo akikata hata neno moja nitamjua.

Kwa ninyi mliokuja Same simu zikiwa zimeshaingia, nyuma ya soko kulikuwa na banda umiza. Mabati juu, mabati ubavuni, joto la humo ndani ungeweka yai mfukoni ukatoka na kifaranga. Viti ni mbao zenye misumari inayoijua suruali ya kila mtu. Mbele kuna runinga moja yenye tumbo, chini yake deki ya mikanda, na pembeni amesimama Mkalimani na kipaza sauti chake kilichofungwa na mpira wa baiskeli. Kazi yake ilikuwa moja: Wazungu wanaongea kwenye picha, yeye anatugeuzia Kiswahili hapo hapo. Alikuwa na sauti ya mwanaume, ya mwanamke, ya mbwa, ya gari likikataa kuwaka. Mzungu akisema neno moja, yeye anatafsiri mpaka chai inapoa. Mzungu akihutubia dakika tano nzima, jasho linamtoka, Mkalimani anasema, "Amekataa." Basi. Na sisi tunaitikia, "Aaah, amekataa!" Jumapili watu wakitoka kanisani, na wafanyabiashara wa sokoni wakishaswali adhuhuri, wote tulikutana mle ndani, tumebanana kama maharage kwenye makande.

Picha iliyompa jina ilikuwa moja, ile ya zamani ya askari wa serikali kuu wanaosaka genge la majambazi wa benki. Magari yake meusi yamevimba kama mende, wanaume wote wamevaa makoti na kofia utadhani wanaishi Suji mwezi wa saba, na bunduki zao zinalia kama cherehani ya fundi aliyechelewesha sare za shule. Mwanzoni hatukuelewa kwa nini majambazi wakishavuka daraja tu, polisi wanaowafukuza wanafunga breki na kugeuza gari. Tukazomea. "Waoga hao! Warudishe mshahara wa watu!" Mkalimani akasimamisha mkanda. "Sikilizeni, ndugu zangu. Nchi ile imegawanywa majimbo, na polisi wa jimbo ni mbuzi wa kamba. Kamba ikiisha, naye ameisha. Chukulieni Same ni nchi yake na Mwanga ni nchi yake. Jambazi kapora Same, kavuka Mwanga, polisi anabaki mpakani anampungia mkono. Sasa hawa wenye kofia wanaokuja ni wa serikali kuu. Hawana kamba hawa! Jambazi apande Suji, watapanda. Ateremke Kisiwani akajifiche na tembo, watamhoji tembo." Banda lililipuka, nawaambia, bati moja lilitoka likaonekana baadaye Hedaru.

Kuanzia siku ile picha nzima ikahamia Upareni. Benki ya kwanza ilikuwa Same, ya pili Mwanga, na majambazi walikula chakula cha mchana Makanya. Mkuu wa genge alikuwa na kovu shavuni refu kama reli, tukamwita Kovu. Msaidizi wake alikuwa kijana mtanashati mwenye kofia nyeupe, anacheka na wasichana, sisi wenyewe tulimpenda japo ni jambazi. Na steringi, yaani shujaa wa picha, bila shaka ni yule askari kijana mwenye bunduki, maana steringi hafi. Lakini Mkalimani alikuwa anabisha. Kila mara ikifika ile sehemu ya ofisini, ambapo kuna mzee mmoja mwenye miwani amezungukwa na mafaili, anaangalia alama za vidole kwa kioo cha kukuzia, sisi tunapiga miluzi tunataka risasi, yeye anatuambia, "Nyamazeni. Huyu ndiye steringi." Tunamcheka. Steringi gani ana upara na hajashika hata manati? Anasema, "Yule kijana mwenye bunduki anakwenda anakotumwa. Huyu mzee ndiye anayejua nani kafanya nini." Tukamzomea hata yeye. Vijana tulikuwa hovyo, na mimi nilikuwa mwenyekiti.

Sasa kuna siku bibi mmoja wa Mamba alikuwa ameteremsha tangawizi yake sokoni, ikaisha mapema, akaingia bandani kukimbia jua. Tukampisha mbele. Aliiangalia picha nzima hakukohoa. Ikafika mwisho, nyumba imezungukwa, Kovu anatoka mlangoni, steringi anamwagia risasi, Kovu anabingirika ngazi zote mpaka chini, kofia yake inabingirika peke yake kidogo, muziki unapanda. Tunapiga makofi mpaka viganja vinatoa moshi. Bibi akasimama. "We Mkalimani!"

"Naam. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kesi iko wapi?"

"Kesi gani, bibi?"

"Ya huyu mliyemuua. Amesomewa mashtaka lini? Nani amemsikiliza?"

"Bibi, picha imeisha."

"Imeishaje na kesi bado? Rudisha nyuma!"

Msomaji kama wewe sio Mpare, subiri nikufafanulie. Watani zetu wanasema Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Ni uongo mtupu. Tunamuuza kuku kwanza, ng'ombe baadaye. Kwa hiyo bibi aliposema kesi, damu ya watu ikaamka. Banda zima likaanza kudunda mbao: "Kesi! Kesi! Kesi!" Mkalimani akajikuna kichwa, halafu nikaona jicho lake linawaka kama taa ya pikipiki mpya. Akarudisha mkanda mpaka pale Kovu anapotoka mlangoni akiwa bado mzima, akausimamisha. Uso wa Kovu ukaganda kwenye runinga, unatetemekatetemeka wenyewe kama mtuhumiwa kweli. Bibi akakalishwa juu ya kreti la soda, akawa hakimu. Muuza kahawa akawa mwendesha mashtaka kwa sababu ndiye alikuwa na koti. Na Mkalimani akawa mdomo wa Kovu.

Shtaka kubwa lilikuwa kumuua yule karani wa benki. Mashahidi tulikuwa sitini, na picha tulishaiona mara zisizopungua ishirini. Mmoja mmoja tukapita mbele kuapa. Mimi niliapa kwa jina la mama yangu mzazi kwamba nilimuona Kovu kwa macho yangu mawili akimfyatulia karani risasi, hata nikaonyesha alivyokunja kidole. Mkalimani akasema kwa sauti ya Kovu, nzito, ya mtu aliyevuta sigara tangu tumboni, "Mheshimiwa hakimu, kuiba nimeiba, sikatai. Lakini karani sikumuua mimi. Naomba mkanda urudishwe." Tukapiga kelele, "Muongo huyo! Mnyongeni!" Bibi akasema, "Rudisha." Ukarudishwa. Jamani. Kovu alikuwa ameshika mfuko wa hela kwa mikono yote miwili. Bunduki ilikuwa kwa yule mtanashati wa kofia nyeupe. Mara ishirini tumeangalia, watu sitini, macho mia moja na ishirini, toa moja la fundi viatu ambalo lilikuwa bovu, na hakuna aliyeona. Banda likanyamaza mpaka ukasikia mabati yakitafuta pumzi. Bibi akatuangalia mmoja mmoja. "Ninyi mashahidi, mlimuona nani?"  Akasema, "Mlimuona mwenye sura mbaya." Akakunja kanga yake akatoka, na kesi ile ikawa ndio mwisho wa picha kila Jumapili. Watu wakawa wanakuja dakika za mwisho, wanaruka risasi zote, wanataka kesi tu.

Haya. Mngedhani huo ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka siku kesi ikawa yangu.

Wakati huo nilikuwa naendesha bodaboda, mali ya mjomba. Mamba tangawizi ilikuwa imekomaa na wezi walikuwa wamechachamaa. Unalala shamba limejaa, unaamka umeachiwa mashimo kama nguruwe wamefanya mkutano wa hadhara. Watu walikuwa wanasema ni genge, lina pikipiki, linapanda na kushuka, na kila mgeni mwenye pikipiki alikuwa anaangaliwa kama ametoka jela jana. Mimi nilimpandisha abiria asubuhi, siku ya gulio, namshusha, nageuza. Kwenye kona ya migomba nikasimamishwa na mzee mmoja mwenye kofia ya sufi imemshuka mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Unashuka Same?" "Nashuka." "Nipakilie hiki kiroba. Sokoni mpe yule mama anayenunua tangawizi karibu na mashine ya kusaga, mwambie mwenyewe nakuja kesho. Na usiropoke njiani." Nikapakia. Mzee wa watu ananiomba, niulize hati ya kiroba? Kona mbili tu mbele, gogo limelala barabarani na watu wamesimama. Niseme ukweli, walikuwa kama arobaini. Mimi niliona elfu nne, pamoja na ambao hawajazaliwa.

Wakanishusha. Mkulima mmoja, mwanaume wa makamo, kifua kama mlango wa ghala, akakishika kiroba akakigeuza. Alfajiri ile alikuta matuta yake matano yamefukuliwa. Akapiga kelele, "Ni changu! Oneni fundo! Hili ni fundo la ukoo wetu, hakuna mwingine Mamba nzima anayelifunga!" Kiroba kweli kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani, fundo la ajabu kama sikio la sungura. Nikasema, "Nimepewa na mzee." Wakacheka kicheko ambacho sijawahi kukisahau. "Wezi wote hupewa na mzee!" Kofi la kwanza nikaliona, la pili nikalisikia tu. Halafu nikamwona mtu anakuja anabingirisha tairi, na mwingine anafungua tangi la pikipiki ya mjomba wangu. Wasomaji, huwa nawaongezea chumvi, mnanijua. Hapa siongezi. Tairi lilikuwa la gari dogo, limelika upande mmoja, na nilikuwa nauangalia ule upande uliolika na kufikiri kwamba mama yangu ataambiwa na nani.

Mkalimani alikuwa Mamba siku ile. Kikundi cha wakulima wa tangawizi kilimwalika aonyeshe picha gulioni, pale pale jirani na lile gogo, amepandisha runinga, deki na jenereta. Wakati watu wananipiga alikuwa anajaribu spika. Alisikia, akaacha kila kitu isipokuwa kipaza sauti, akaja mbio na waya unamfuata nyuma kama mkia, mpaka waya ukaisha hatua kumi kutoka nilipolala. Hapo hapo akasimama. Na badala ya kusema acheni, acheni, kama ambavyo mtu yeyote angesema na angekanyagwa, akaanza kutafsiri.

"Naaam, watazamaji wangu! Mnamuona huyu jamaa chini. Anatokwa damu puani. Mwenye tairi ndiye huyo anaingia. Je, tairi litamfikia? Je, huyu ndiye Kovu, ama ni wa kofia nyeupe?"

Spika ilikuwa inanguruma mlima mzima. Watu wakageuka. Sauti ile waliizoea, walishaifuata mara ngapi wakiteremka Same, miguu yao yenyewe ikasimama kusubiri kinachofuata. Akaninyooshea kipaza sauti kwa mbali. "Mtuhumiwa, jieleze!" Nikafungua mdomo. Ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma. Ikatoka "Mee." Hivyo tu, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mkalimani akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama kasikia hotuba. "Anasema hivi: yeye ni mtoto wa mtu. Kiroba amepewa na mzee njiani. Anasema hawakimbii. Anaomba mkanda urudishwe nyuma, hatua kwa hatua, mpaka shambani, na akionekana muongo mtajua wenyewe la kufanya." Sikusema hayo yote. Nilisema "Mee." Lakini ndani ya ile "Mee" yote yalikuwemo, hakuacha hata moja.

Wenye hasira wakaanza, "Tunapoteza muda! Choma!" Ndipo sauti ya bibi ikatoka katikati ya watu. Yule yule bibi, hakimu wa kreti la soda. "Kesi kwanza!" Akampokonya mtu tairi akalikalia. Na mwingine, na mwingine, "Kesi! Kesi!" Wapare wenzangu, Mungu awaongezee mashauri.

Bibi akamuita mkulima. "Fundo ni lenu?" "Ni letu, bibi." Mkalimani akadakia kwenye spika, "Kiroba hiki ulikifunga lini?" "Sijakifunga. Tangawizi ilikuwa ardhini mpaka jana jioni." "Kwa hiyo kimefungwa leo." "Ndiyo." "Na mwizi." "Ndiyo!" "Kwa fundo ambalo ukoo wenu tu ndio mnalijua." Mkulima akakigeuza kiroba, akalitazama fundo upya. Hapo nikaanza kupumua kwa pua moja. Bibi akanyanyuka na tairi lake mkononi. "Twende shambani."

Tukarudi nyuma, umati mzima, mimi katikati nimeshikwa mkanda wa suruali. Kwenye kona ya migomba alama ya tairi la pikipiki ilionyesha nilisimama pale pembeni mwa barabara, sikuingia njia ya kupanda shambani. Shambani udongo ulikuwa mbichi, nyayo za mabuti ya mvua zimejaa. Wakanivua kiatu wakalinganisha. Mguu wangu mnaujua, fundi viatu hunitoza kama nimeleta jozi mbili. Buti lile lingenikaa kwenye kidole gumba. Nyayo zile hazikwenda barabarani tu, zilikwenda na kurudi, zikapita kwenye mfereji, zikapita nyuma ya zizi, na zikaishia jikoni kwa baba yake mkulima. Mzee amekaa kwenye kigoda, kofia ya sufi, mabuti yana udongo mwekundu, anakula makande ya moto.

"Baba, ni wewe?"

"Hujaniamkia."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiyo, nimechimba. Hilo shamba ulipewa na nani? Na mara mbili umenichukulia zamu yangu ya maji ya ndiva, bwawa la wote, matuta yangu ya chini yamekauka. Kesho naenda Same kukufungulia kesi. Nilikuwa natafuta nauli."

Kicheko kilichoanzia pale, nasikia Suji walifunga madirisha. Mzee anamuibia mwanawe tangawizi ili apate nauli ya kumshtaki mwanawe! Lakini bibi hakucheka. Aliliweka tairi chini mbele ya kigoda, akamwambia mzee, "Hili lilikuwa la huyu mtoto wa watu." Mzee akaliangalia tairi, akaniangalia mimi na damu yangu. Kijiko kikamtoka. Akanyanyuka akaja kunishika kichwa kwa viganja vyote viwili. Mwanawe akageukia ukuta. Nadhani ndipo alipojua alikuwa anakwenda kufanya nini, na kwa ajili ya zamu ya maji. Na Mkalimani huko chini barabarani, waya haukufika, alikuwa bado amesimama na kipaza sauti anauliza mlima mzima, "Imekuwaje? Jamani, imekuwaje huko?"

Nilipomrudia nikampigia magoti, akanikaripia. "Simama, utachafua suruali. Nenda kamsalimie mama yako." Na kesho yake alikuwa bandani anaigiza mbwa. Hakuwahi kunikumbusha hata siku moja. Mimi ndiye nilikuwa nikimuona sokoni namkimbilia, namwambia, "Mzee, ile 'Mee' yangu," na yeye anacheka mpaka anashika nguzo.

Siku hizi lile banda linauza makava ya simu. Kila mtu ana picha yake kiganjani, fupi, ukipiga chafya imeisha. Nakaa pale stendi nawaona vijana wangu wa bodaboda, mmoja anatumiwa kipande, mtu fulani kafanya hivi, kabla hakijaisha wameshahukumu, wameshatukana, wameshasambaza. Nawauliza, kabla ya hapo ilikuwaje? Wananiambia, mzee, hakuna kabla ya hapo, imeanzia hapa. Nami nashtuka, maana hata langu lilikuwa na kabla ya hapo. Kipande changu mimi kingeanzia kwenye kiroba. Mwenye pikipiki, mwenye kiroba cha wizi, mwenye sura hii mnayoijua. Nani angenisikiliza?

Basi tulipandia Makanya juzi kwenda kumzika kwao Suji. Ukungu, baridi, watu wamejaa mpaka kwenye kahawa, Wakristo kwa Waislamu, sufuria za makande zimepangwa kama mizinga. Mchungaji amemaliza, jeneza limeshuka, anasema sasa tumfukie ndugu yetu. Nikasikia sauti nyembamba kama uzi. "Mchungaji, kesi kwanza." Bibi! Nilidhani alishatangulia miaka mingi. Amebebwa kwenye kiti kutoka Mamba, amekuwa mdogo kama kuku, lakini jicho lile lile. Mchungaji naye ni Mpare, akafunga kitabu akasogea pembeni. "Nani ana shauri na marehemu?"

Akajitokeza mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka yote. Akavua kofia. "Mimi ninalo. Nilikuwa nakaa nyuma pale bandani kila Jumapili. Huyu bwana alikuwa hajui Kiingereza. Hakuna hata neno moja alilolitafsiri sawa." Watu, "Haaa!" Bibi akamuuliza, "Mbona hukusema, mwalimu?" Mwalimu akaangalia chini. "Ningesema angeacha. Na mimi nilikuwa naupenda utamu wake." Msiba mzima ukaangua kicheko, wajane kwa mayatima, huku machozi yanatiririka. "Shahidi wa utetezi yupo?" Nikajikuta nimeshafika mbele. Nikasema, "Mheshimiwa bibi, Kiingereza sikijui, siwezi kumtetea huko. Lakini mimi mwenyewe niliwahi kutafsiriwa naye, nikiwa chini, nikiwa na neno moja tu mdomoni, na neno lenyewe la mbuzi. Alilitafsiri lote sawa."

Bibi akachungulia kaburini. Akasema, "Kwa Kizungu, ana hatia. Kwa watu, hana. Mzikeni."

Makoleo yalikuwa machache, tukawa tunapokezana. Nikahisi mtu ananigusa begani, nikageuka, ni yule mkulima wa kifua kipana, nywele zimekuwa nyeupe zote. Baba yake alishatangulia, na nasikia mpaka mzee anafariki, huyu mwanawe ndiye alikuwa akimpelekea maji kwenye matuta yake, zamu isiwe zamu. Akaninyooshea koleo lake kwa mikono miwili. Tukashika wote, yeye mpini juu, mimi chini, tukasukuma udongo mwekundu pamoja.

Wewe unayenisoma, ukiletewa jina la mtu limeshikwa miguu na mikono, kila mtu anapiga kelele choma, tafuta kwanza alipopita. Nenda mpaka kwenye kona ya migomba, angalia fundo, pima kiatu. Na kama mwenyewe hana tena sauti ya kujitetea, msikilize hivyo hivyo, hata kama anachosema ni "Mee."